Naombeni ushauri: ratiba ya gemu ya bao, zimebaki wiki 6 tuwasilishe

Njiapanda: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, kikundi cha watu 4, mradi wetu ni gemu ya bao ya simu. Nimepanga wiki 3 picha na sauti, wiki 2 kompyuta iweze kucheza na mtu, wiki 1 majaribio. Usiku silali, kila nikihesabu siku hazitoshi. Nipunguze wapi?

Fundi Mchundo: Ratiba imepinduka, mkuu. Anza na maduara matupu yenye namba ndani. Kete zikitembea na kula sawasawa, ndipo upambe. Majaribio usiyaweke mwisho, kila Ijumaa mpe mtu simu acheze. Halafu sheria za mchezo sizioni humo. Zimeshaandikwa?

Njiapanda: Zipo. Swali langu ni mgawanyo wa siku tu.

Mpwani: Sisi bao tumelikuta barazani. Babu yangu akitia kete mojamoja huku kikombe cha kahawa kiko mkono wa pili, na nyumba yake, lile shimo lake kuu, huigusi! Msituletee bao la watalii.

Fundi Mchundo: Narudia. Nani anaandika programu, na iko wapi?

Njiapanda: Aliyekuwa anaandika amejitoa wiki iliyopita, tuligombana kwa pesa ya bando. Kazi yote ya Unity, programu ya kutengenezea gemu, iko kwenye laptopu yake, na GitHub, hifadhi ya mtandaoni, hatukuwahi kuipandisha. Ila nimeshaanza upya kwa Godot, programu nyingine ya gemu, ni ya bure na mashine yangu ya RAM GB 4 inaimudu. Ubao tayari, mashimo 32 na kete 48 zimekaa vizuri. Kwa nini nimbembeleze mtu?

Mama Wawili: Mwanangu, pesa ya bando? Mdogo wangu alirudia mwaka kwa jeuri kama hiyo. Kaombe radhi.

Mpwani: Kete 48? Bao lina kete 64! Miezi yote unatengeneza bao na hesabu ya kete huijui? Wakuu, hii chai.

Kobe Mkavu: Chai kabisa, imekolea na tangawizi.

Njiapanda: Si chai, naapa. Sheria alizijua yeye, mimi ni mchoraji. Mpwani, nisaidie, namua, ile awamu ya kwanza ya mchezo, inaanza na kete ngapi ubaoni?

Mpwani: Kumi kila upande. Sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata. Ishirini na mbili mkononi. Za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, awamu ya pili.

Fundi Mchundo: Basi wiki 2 namua peke yake, 1 mtaji, 1 kompyuta icheze hata kwa kubahatisha, 1 picha, ya mwisho kurekebisha makosa tu. Lakini mpigie mwenzako. Hata ukibaki na Godot, sheria utazisoma kwenye faili zake.

Njiapanda: Nimemrudishia kwanza 14,500 yake ya bando, ndipo nikapiga. Hajapokea. Ujumbe ameusoma.