Waliokuwa mama kwetu na bibi kwa watoto wetu: tupeane uzoefu wa kuwakumbuka

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mama yangu ametangulia mbele za haki mwaka huu. Kwangu alikuwa mama, kwa wanangu alikuwa bibi, na msibani niliona wazi kwamba tunawalilia watu wawili tofauti. Mimi namlilia mama mkali aliyekagua madaftari yangu kila jioni. Wanangu wanamlilia bibi aliyewaficha nyuma ya gauni lake kila nilipotaka kuwachapa.

Tulipoandika wasifu wake, ukatoka wasifu wa mtu yeyote: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alikuwa mcheshi na mcha Mungu. Yote kweli, lakini mama mwenyewe hayumo. Mama yangu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano analamba ncha ya uzi, anainua sindano kuelekea dirishani, anafumba jicho moja na kubana pumzi mpaka uzi upite. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Akimaliza kushona, sindano anaichomeka kwenye gauni, begani, na kutwa anazunguka nayo. Hilo hakuna aliyeliandika, na ndilo wanangu wanaloigiza kila wakimtaja.

Mlioondokewa na mama au bibi, mnafanyaje asibaki kuwa picha ya ukutani tu? Karibuni.

Kitinda mimba
Pole sana ndugu yangu. Sisi tulizaliwa wengi, na mama wa kaka yangu mkubwa siye mama yangu, ingawa tumbo ni moja. Yeye alimjua mwanamke kijana aliyeruka kamba na watoto uani. Mimi nilimkuta magoti yanamuuma, ananiita nimletee kitu kilichopo hatua mbili kutoka alipokaa.

Ushauri wangu: ukitaka kukusanya habari zake, usiwaulize watu "alikuwa mtu wa namna gani". Watakujibu "alikuwa mtu wa watu" na mambo yataishia hapo. Uliza, "Mara ya mwisho alikukasirikia kwa nini?" Utapata kisa kizima, mahali, maneno yake mwenyewe, hata alivyosimama. Na anza na wadogo zake na mashoga zake wa ujanani, maana nao umri umeenda.

Mjukuu niliyelelewa na bibi
Mimi bibi ndiye nilimwita mama. Nina jumbe zake za sauti kwenye simu. Kila ujumbe unaanza, "Haloo? Haloo, wanisikia?", kisha ananyamaza kidogo akisubiri nimjibu, ndipo anaendelea. Pale kwenye kimya nasikia anavyopumua na kiti kinavyolia. Mjomba aliwahi kunishauri nivipunguze vile vimya ili sauti ikae vizuri. Nilikataa.

Wenye sauti kama hizi, toeni nakala leo, ziwekeni mahali pawili. Simu huibiwa, huanguka majini. Wenye kanda za kaseti za zamani msisubiri kabisa, utepe wake huchakaa hata ukiwa umekaa tu kabatini. Na picha: andika nyuma, kwa penseli laini, nani ni nani. Picha isiyo na majina, kizazi cha pili hakuna anayeitambua.

Muuguzi
Nitasema kwa ajili ya wale ambao mama bado yupo ila kumbukumbu zimeanza kumtoka. Mama yangu alipata ugonjwa wa Alzheimer, ule uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Kwa kawaida ugonjwa huu huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama alisahau kama ameoga asubuhi, lakini nyimbo za usichana wake aliimba mpaka ubeti wa mwisho.

Ndugu walisema, "Huyu siye tena." Niliumia sana kusikia hivyo, na mpaka leo sikubaliani nao. Tuliacha kumuuliza ya jana, tukamuuliza ya utoto wake, na hapo akatusimulia habari za bibi yake ambazo hatukuwahi kuzisikia alipokuwa mzima. Dirisha hilo lipo. Halikai wazi muda mrefu, basi litumieni.

Mwalimu wa baiolojia
Nyongeza fupi kwa wajukuu. Mayai ya mwanamke huumbika angali tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo bibi mzaa mama alipokuwa na mimba ya mama yako, chembe iliyokuja kuwa wewe ilikuwa tayari imo ndani ya kile kichanga. Wanafunzi wangu nikifika hapo darasa zima hutulia.

Binti wa pili
Naomba niseme jambo gumu. Tusiwafanye malaika. Mama yangu aliwasomesha kaka zangu, mimi akaniambia nisubiri, na zamu yangu haikufika. Hakuwahi kuniomba msamaha kwa mdomo. Lakini binti yangu alipoanza shule, mama alikaa naye usiku, macho yameshachoka, akimshikia taa umeme ukikatika mpaka amalize kuandika. Siku ya mahafali alilia kuliko mimi. Nikimsimulia binti yangu habari za bibi yake, namsimulia yote mawili. Nikikata upande mmoja, huo mwingine unapoteza uzito wake.

Mchangiaji mwingine
Sikukuu hii ya akina mama ya mwezi Mei ilianzia Marekani kwa binti mmoja, Anna Jarvis. Mama yake alifariki 1905, na 1908 akaandaa ibada ya kumkumbuka, akapeleka maua meupe aliyoyapenda mama yake. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza rasmi. Baadaye Anna mwenyewe alipambana miaka mingi na wafanyabiashara walioigeuza soko la kadi na maua. Kwetu hakuna kadi. Tarehe aliyofariki bibi, kila mmoja anaandika ukurasa kwa mkono wake, hata watoto. Daftari linajaa.

Mleta mada
Asanteni, nimesoma kila neno. Kitinda mimba, jioni hii nimempigia mama mdogo na swali lako. Hakufikiri hata kidogo: mama alimnunia kwa sababu alivaa viatu vyake vipya bila kuomba, na mguu wake ni mkubwa zaidi, akavirudisha vimetanuka. Walikuwa wasichana wa shule. Sikuwahi kukijua kisa hiki. Kacheka, kisha kaniambia nichukue kalamu, yapo mengine.

Wengine endeleeni, hasa mliolelewa na bibi.