Galla, kienyeji au mbuzi wa maziwa: yupi atahimili sotoka?

Barobaro_Kisauni: Assalaam alaykum wafugaji. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Niko baina ya Galla, mbuzi wa nyama, wa kuuza Idd kubwa, mbuzi wetu wa kienyeji, na Toggenburg wa maziwa. Ninachoogopa ni sotoka ya mbuzi, ule ugonjwa wa kirusi. Yupi hafi ovyo?

MamaZizi_Likoni: Chukua wa kienyeji, mwanangu. Jua la Pwani na kupe wake amevizoea. Huyo Toggenburg mchana kutwa kuhema tu.

ChanjoKwanza: Kwa joto na kupe nakubali, mama. Kwa sotoka, hapana. Ilipoingia Turkana mwaka 2006 iliwafyeka hao hao wa kienyeji. Kundi lisilowahi kukutana na kirusi hiki laweza kupoteza hata asilimia 90. Homa kali, makamasi, tongotongo, vidonda mdomoni, kisha kuhara. Dawa ya kukiua kirusi haipo. Antibayotiki hupambana na bakteria wanaodandia tu.

Chanjo ndiyo kinga, na ni ile ile kwa mbuzi wa aina zote. Sindano moja hulinda miaka 3 au zaidi. Vitoto wasubiri wafike kama miezi 4, maana kinga waliyonyonya kwa mama huizima chanjo. Na iletwe ndani ya barafu, kwa joto letu hili! Chupa iliyozunguka juani kwenye bodaboda ni maji tu.

Mchuuzi_Mariakani: Galla ana mwili, Idd ana bei. Lakini ametoka mbali, kwenye lori kapumuliana na wa kila zizi. Mtenge wiki 3, chombo chake cha maji mbali. Muuzaji akikwambia "huyu kachanjwa", mwombe karatasi.

Barobaro_Kisauni: Na wa maziwa je, ukiacha kuhema?

Mkamuaji_Mtwapa: Sotoka utaichanja kama kwa wengine. Toggenburg, Alpine na Saanen wana balaa jingine: CAE. Ni kirusi kinachopita hasa kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na kwenye maziwa ya kawaida. Mbuzi huvimba magoti polepole, kiwele kikawa kigumu. Hiki hakina chanjo. Kabla hujatoa pesa, mbuzi apimwe damu. Akizaa mwenye ugonjwa, kitoto asinyonye kwake. Dang'a ipashwe nyuzi 56 kwa saa 1, na uchunge kipimajoto, ikizidi inaganda.

MamaZizi_Likoni: Haya, kwa sotoka nimekuelewa ChanjoKwanza. Ila mbuzi akikohoa tu watu husema sotoka.

ChanjoKwanza: Kweli, huenda ikawa homa ya mapafu. Hiyo si ya kirusi, na chanjo yake ni nyingine. Mwite daktari wa mifugo achukue sampuli.

Barobaro_Kisauni: Basi naanza na Galla wawili. Daktari atakubali kuja kwa wawili tu?

ChanjoKwanza: Chupa moja ni ya mbuzi wengi, na ikishachanganywa haiwekwi kesho. Waulize majirani wenye mbuzi, mpange siku moja na mchangie nauli yake.