Naomba ushauri: jina la bendi yetu linatumiwa na wengine ng'ambo

Wakuu, habari zenu. Tuna bendi ya watu 5 hapa Tanga, tunapiga kwenye harusi zaidi. Tumepandisha nyimbo 3 mtandaoni, kumbe kuna bendi ya roki Brazili yenye jina lilelile, na nyimbo zote zimewekwa kapu moja. Picha inayotokea ni yao, wamejichora tatuu hadi shingoni. Mama mmoja alikuwa atukodi kwa harusi ya bintiye, alipoiona, akaghairi!

Najua si sisi wa kwanza. Bendi ya Nirvana ya London ilikuwepo tangu miaka ya 1960, na Nirvana wa Marekani walipovuma ikabidi wamalizane kwa makubaliano. The Beat wa Birmingham walipofika Marekani wakajiita The English Beat. Suede nao kule ni The London Suede.

Sasa mpiga besi anataka tuongeze "ya Tanga" mwishoni. Mimi naona sawa, ila mwimbaji wetu kagoma, anasema mabango na fulana tayari vimechapishwa. Je, kusajili jina hapa nchini kunasaidia kitu dhidi ya watu wa Brazili? Na nyimbo zinatenganishwaje? Aliyepitia hili anisaidie.