X-Trail T31 ya petroli, namba D, milioni 16: nichukue au niache?

MamaZawadi_Dom
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaolijua hili gari, siyo wanaolisikia. Nimeoneshwa Nissan X-Trail T31 ya 2009, petroli, cc 1997, namba D (herufi ya mfululizo wa namba ya usajili), dashibodi inasoma kilomita 128,000. Dalali anataka milioni 16 na dalili za kushuka anazo. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma. Kazini kwenda na kurudi ni kama kilomita 30, na mwisho wa mwezi napanda Iringa kwa mama kupitia Mtera. Ndani pasafi, viti vile vya kufuta kwa kitambaa, buti kubwa. Toyota IST ya mume wangu mvua ikinyesha inaburuza tumbo barabara yetu. Shida ni kwamba kila fundi ninayemuuliza anaguna tu, "mh, Nissan". Anaguna nini? Na mshahara wa serikali utaimudu?

Konda_Mstaafu
Dada, kimbia. Kuinunua rahisi, siku ya kuiuza ndo utajua.

FundiGiaboksi_Ilala
Mstaafu, acha kutisha watu. Dada, kazi yangu ni giaboksi, na T31 ndizo zinazolipa ada za wanangu, kwa hiyo najua zinavyokufa.

Injini yake ni MR20DE. Haina mkanda wa taimingi, ni cheni, na ukimwaga oili kila kilomita 5,000 haina neno. Wanaoguna wanaigunia CVT, giaboksi yake ya otomatiki. Ile siyo giaboksi ya gia nne. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma, na vyote vinaishi kwa oili yake maalumu, NS-2 (NS-3 nayo inakubali). Nyingi ninazofungua hazikufa kwa uzee. Fundi wa jirani alijaza ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki za gia) kwa sababu ni nafuu na ipo kila duka, mkanda ukaanza kuteleza, puli zikachubuka, mwenye gari akaja kwangu gari imebebwa.

Kwa hiyo kabla ya kuongea bei, mwambie dalali asiiwashe mpaka ufike. Iwashe ya baridi. Tia R, gia ya kurudi nyuma: ikichelewa kushika, au ikishika kwa kishindo, hiyo kumbuka. Kisha iendeshe mpaka ipate moto kweli, nusu saa na zaidi, siyo kuzungushwa mtaani dakika tano huku dalali anakupigia stori. Ukiwa unaondoka taratibu, spidi 20 mpaka 40, zima redio uusikilize mwili wa gari kama unatetemeka. Ukikanyaga, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ukapanda na gari haisogei, shuka, mshukuru, nenda nyumbani. Ikipita hapo, chomoa kijiti cha oili ya giaboksi, kipake kwenye karatasi nyeupe. NS-2 mpya ina ukijani, ikizeeka inakolea. Ukikuta nyekundu kama juisi ya rozela, kuna mtu kashaingiza mkono. Ikinuka kuungua, hakuna mjadala.

Safari ya kazini hainisumbui, inanisumbua ya Iringa. Kwenye vilima vya Nyang'oro, gari imejaa watu na magunia, CVT hii ikizidiwa na joto inajilinda yenyewe: inakata nguvu, unakanyaga haitaki. Haijafa. Paki pembeni ipoe. Na rejeta iwe na kulenti (maji maalumu ya kupoza injini), siyo maji ya bomba, maana kilichomo kwenye rejeta ndicho kinachopoza na oili ya giaboksi. Watu wengi hawalijui hili, wanahangaika na giaboksi kumbe rejeta imeziba.

Mafuta: mjini weka kilomita 10 kwa lita, barabara kuu 12. Kwa mizunguko yako ni lita 120 hivi kwa mwezi. Tukikadiria 3,000 kwa lita, ni 360,000. Bima ndogo (ya kufidia wengine tu) 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa (inayolinda na gari lako) kwa kawaida ni 3.5% ya thamani na VAT juu yake, kwa milioni 16 ni 660,000 na ushee. Bush, stabilaiza linki, maunti za injini, Kariakoo zimejaa, hizo zisikunyime usingizi. Ila tenga milioni mbili za giaboksi, zikae, hata kwenye harusi ya mdogo wako usiziguse. Kama baada ya kununua huna za kutenga, gari hiyo siyo yako bado.

Baba_Wawili_Mbezi
Watakuja kukwambia chukua RAV4. Ninayo, toleo la ACA31, lile la injini ya 2AZ-FE. Nayo ni CVT vilevile, na injini zile za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, hivyo kijiti cha injini nakichomoa kila Jumamosi. Halafu unalipa milioni kadhaa zaidi kwa ajili ya jina. Siiuzi, ila usidhani huku ni peponi.

MamaZawadi_Dom
Nimerudi. R inashika vizuri, mtetemo sijausikia, tumeenda nayo mpaka Chamwino na kurudi. Oili kwenye karatasi siyo kijani wala nyekundu, ni kahawia iliyokolea, haina harufu. Dalali anasema "haijaguswa tangu Japani" kana kwamba ni sifa. Kashuka mpaka 14.5.

FundiGiaboksi_Ilala
Imezeeka lakini ni yake mwenyewe. Naipenda kuliko nyekundu. Mwambie mwenye gari akubali sampo ya giaboksi (bakuli la oili la chini) ishushwe mbele yako kabla hujalipa, gharama iwe yako. Kuna sumaku mle ndani: ukikuta tope laini la kijivu ni kawaida, ukikuta vipande vyenye ncha, rudisha ufunguo. Ikiwa safi, jaza NS-2 kiasi kilekile kilichotoka, kwa sababu haitoki yote, kisha urudie baada ya mwezi au miwili. Mtu akikwambia aisafishe kwa mashine ya presha, kataa. Na namba ya gari ipitishe kwenye mfumo wa faini za polisi na madeni ya maegesho ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kabla ya kusaini. Namba D zimepita mikono mingi. Akikataa sampo kushushwa, 14.5 ni ghali.