Kukadiria wauguzi wa Kilimanjaro: uwiano wa watu au mzigo wa kazi?

Njiro_Takwimu: Ndugu wanajukwaa, ninakadiria wauguzi watakaohitajika Kilimanjaro miaka 10 ijayo, nami nimekwama kati ya njia mbili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha 2016, yaani 4.45 kwa kila watu 1,000, napata madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 8,286 kwa jumla, na kwa kile cha 2006, cha 2.28, napata 4,245. Njia ya pili ni WISN, inayopima mzigo wa kazi wa kila kituo. Ipi itanifaa?

Zamu_ya_Usiku: Kaka, watu ni walewale lakini jibu limepungua karibu nusu, hilo pekee lingenitia shaka. Tena KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, hupokea wagonjwa wa kanda ya kaskazini, kwa hiyo mgonjwa wa Manyara aliyelazwa Moshi hayumo katika hesabu yako, ingawa anayemgeuza kitandani usiku ni muuguzi wa hapa. WISN huanza na saa ambazo mtumishi yupo kazini kweli kwa mwaka, zikishatolewa likizo, ugonjwa na mafunzo. Tuseme kituo kinazalisha akina mama 1,500 kwa mwaka, kila mmoja akichukua saa 8 za mkunga, na mkunga ana saa 1,600: wanahitajika 7.5 kwa kazi hiyo tu.

Mama_Soweto: Ni kweli, mwanangu, ila WISN hutegemea vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za huduma zinazoandikwa kituoni. Huduma iliyokosekana kwa sababu wodi ilikuwa na muuguzi mmoja haiandikwi popote, hivyo kituo kilicholemewa zaidi chaweza kuonekana kina nafuu.

Themi_Juu: Mmesahau upande wa upatikanaji: wahitimu wanaosajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ukiondoa wanaostaafu, kwa hiari wakiwa na miaka 55 au kwa lazima wakiwa na 60, na wanaokwenda nje. Tena uhitaji wa wagonjwa si nafasi ya ajira. Mpwa wangu ana leseni, lakini anauza katika duka la dawa Ngarenaro akisubiri kibali cha ajira kitoke, huku wodi zikiwa na upungufu. Tenganisha safu tatu: uhitaji, nafasi zenye bajeti, na waliopo sokoni.

Njiro_Takwimu: Nashukuru. Uwiano nitauacha uwe wa kulinganishia tu. Nitaanza na WISN katika vituo vinne, viwili vya Moshi mjini na viwili vya Rombo, na shikamoo Mama, vitabu nitavikagua kwanza.