Taa ya injini imewaka baada ya Kitonga, fundi anataka kung'oa masega

Ndugu zangu, habari za huko kwenye baridi. Na huku Uyole baridi ipo, msidhani tunaota jua.

Wengi mnajua nimerudi nyumbani moja kwa moja. Gari nililoagiza Japani nililichukua Dar, nikalifanyia sevisi palepale: oili, filta ya oili, filta ya hewa. Siku ya kwanza nikalala Iringa. Mlima wa Kitonga limepanda bila shida, ingawa nyuma ya yale malori tulitambaa tu. Kesho yake, kabla sijafika Mafinga, taa ya injini ikawaka, ile ya njano. Nguvu haikupungua, nikafika Mbeya salama, taa bado inanitazama.

Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri, akaurudisha, taa ikazimika. Elfu ishirini. Siku ya tatu ikarudi. Fundi wa pili hakupima chochote. Aliinama kwenye ekzosi, akasikiliza, akasema masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yameziba kwa sababu ya mafuta ya huku, yang'olewe. Anataka laki mbili, na masega abaki nayo yeye. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Dada yenu wa Uyole

---

Dada, abaki nayo yeye? Ndaga fijo kwa kunichekesha asubuhi hii. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Huku Uingereza kuna watu wanalala chini ya magari ya wenzao usiku wa manane, msumeno mkononi, kwa ajili ya hayo hayo. Yeye anataka umlipe juu!

Mtoto wa Rungwe, Leeds

---

Kamwene dada. Kabla ya yote: taa imetulia au inapepesa? Ikipepesa maana yake injini inamisi, petroli isiyoungua inakwenda kuunguzwa ndani ya masega, na hapo kweli yataharibika. Ya kupepesa unapunguza mwendo na kuegesha mapema. Ya kutulia unaweza kwenda nayo hadi kwa fundi, mradi taa ya oili na ya joto hazijawaka. Na je, asubuhi injini inaungurumaje?

Kaka wa Mafinga, sasa Columbus, Ohio

---

Imetulia, kaka. Ila ukitaja asubuhi, gari likiwa limesimama muungurumo unapanda na kushuka. Nikaacha hivyo nikidhani ni baridi ya Uyole. Nikishakanyaga mafuta unatulia.

---

Hilo ndilo ulilotakiwa kulisema kwanza, dada. Nimefanya kazi gereji miaka sita hapa Columbus, na nina wasiwasi na aliyekubadilishia filta ya hewa Dar.

Baada ya filta kuna sensa inayopima hewa inayoingia. Kompyuta ya gari inatoa petroli kwa kufuata hesabu hiyo. Mpira wa hewa unaotoka pale kwenda kwenye injini ukiwa na ufa, au klempu yake, ile pete ya kuubana, haikukazwa, hewa nyingine inapenya bila kuhesabiwa. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaligundua hilo, kompyuta inaongeza petroli, inaongeza tena, ikifika kikomo chake inawasha taa. Gari likiwa limesimama, injini inavuta hewa kidogo tu, kwa hiyo ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga mafuta inamezwa na wingi. Ndiyo maana hukuona nguvu ikipungua.

Na kwa nini ilisubiri kesho yake? Kwa makosa ya namna hii kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Inaliweka kando, ikiliona tena safari nyingine ndipo inawasha. Dar hadi Iringa ilikuwa safari ya kwanza. Kuchomoa betri kulifuta kumbukumbu tu, ikaanza kuhesabu upya, na siku ya tatu ikakuta tatizo liko palepale.

Tafuta fundi umeme mwenye mashine ya kusoma koda, yaani namba ya kosa ambayo kompyuta imeihifadhi. Inachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Nitashangaa isipotokea P0171, ile ya petroli kidogo kuliko hewa. Usikubali kifutwe chochote kabla hujapiga picha ya kioo cha mashine, pamoja na ule ukurasa unaoonyesha injini ilikuwa na joto gani na mwendo gani kosa lilipotokea. Ukifuta, huo nao unakwenda.

Masega yaache. Kwenye magari mengi kuna sensa ya pili nyuma yake inayokagua kama yanafanya kazi, ukiyang'oa taa inaweza kuwaka kila siku. Watakwambia pia ni mwinuko, kwamba Mbeya iko mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kweli na nguvu inapungua, lakini kompyuta inapunguza petroli ilingane. Mwinuko peke yake hauwashi taa. Sisi wa Marekani tutakushauri ukaze mfuniko wa tenki, maana huku ukilegea huwasha taa bure, ila magari mengi ya soko la Japani hayapimi mvuke wa tenki. Usinunue mfuniko.

---

Samahani naingilia, hilo la kupiga picha limenigusa. Mimi nilinunua gari jipya kabisa hapa Birmingham, siku ya 19 taa ikawaka. Waliouza wakaifuta, wakaniambia nenda, sikupewa hata karatasi. Siku ya 41 ikarudi, wakasema kwenye kompyuta hakuna historia yoyote. Bila shaka, waliifuta wao!

Mlioko Uingereza: sheria ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai hela yako yote. Baada ya hapo wana nafasi moja ya kutengeneza, ikishindikana unaweza kulikataa, ingawa kwenye gari wanaruhusiwa kukata kiasi kwa matumizi. Mimi niliwaandikia barua kwa tarehe zote mbili ndipo wakabadilisha sauti. Daini karatasi ya koda kila mara.

Mama wa wawili, Birmingham

---

Wapendwa, nimetoka kupima gari Mwanjelwa. P0171, kaka, kama ulivyosema. Kijana kafungua boneti, kaushika mpira wa hewa, ukamfuata mkononi. Klempu haikukazwa kabisa, mpira ulikuwa umekaa mdomoni tu kwa heshima. Bisibisi, dakika tano. Elfu kumi na tano ya kupima, kukaza hakunitoza. Picha ninazo. Leo asubuhi muungurumo umetulia kama wa cherehani.

Fundi wa masega amenipigia jana jioni kuuliza nitaleta gari lini. Nimemwambia limeshavuka mpaka wa Tunduma.