Mjadala: Chuo kikuu na kiwanda cha sukari, waanze na maelewano au na tatizo moja?

Mada: Vyuo vikuu viko Kakamega, Maseno na Bondo, viwanda vya sukari vimetapakaa kutoka Muhoroni hadi Bungoma. Je, mkataba wa maelewano unatosha kuviunganisha?

Mhandisi wa boila, Muhoroni:
Hautoshi. Hausemi nani apime nini. Anzeni na unyevu wa makapi ya miwa, ambayo huchomwa kwenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji, ili kutoa mvuke wa kuendesha kiwanda. Yakitoka kinu cha mwisho huwa na maji karibu asilimia 50. Yakizidi hapo, moto unatumika kukausha maji badala ya kutoa mvuke, na kiwanda kinaishia kununua kuni. Mwanafunzi achukue sampuli kila saa, zamu zote tatu, aipime, aikaushe kwa nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, kisha aipime upya. Aandike pia kiasi cha maji yanayonyunyiziwa vinuni na shinikizo la roli zinazokamua miwa. Asipoyaandika hayo mawili, meneja ataona unyevu umepanda na asijue arekebishe wapi.

Mhadhiri, Kakamega:
Mhandisi, tatizo moja naliunga mkono, lakini maelewano yasitupwe. Meneja akihamishwa, mwanafunzi huzuiwa getini. Tena wiki 12 za mafunzo ya kiwandani ni chache. Vinu vikisimama kwa matengenezo, nusu ya muda imekwisha. Kazi hiyo apewe mwanafunzi wa uzamili. Na fedha ziwe na akaunti ya mradi. Zikichanganywa na za chuo kizima, kemikali zitafika msimu umepita.

Wakili wa hataza, Kisumu:
Umiliki mmeusahau. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, hudumu miaka 20 tangu ombi liwasilishwe, na uvumbuzi sharti uwe mpya. Tasnifu ikiwekwa wazi maktabani kabla ya ombi, mnahatarisha upya huo. Kiwanda nacho kikidai siri ya kudumu, mwanafunzi hahitimu. Kandarasi ikipe kiwanda siku 60 za kusoma rasimu. Zikipita kimya, tasnifu itetewe. Chuo kimiliki uvumbuzi, kiwanda kiutumie bila malipo zaidi.

Mhandisi wa boila, Muhoroni:
Wakili, mbinu iwe ya chuo, sawa. Takwimu za kila zamu ni zetu, maana mshindani akizisoma anajua udhaifu wetu. Tasnifu itumie wastani. Na Mhadhiri, kandarasi itaje bima na gari la usiku. Vikikosekana, sampuli za saa nane usiku zitabuniwa mezani, na boila itarekebishwa kwa takwimu za uongo.